Gauni la Harusi na Pete ya Uchumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mabibi Harusi wa Nairobi

Nashona, nakodisha na kurekebisha magauni ya harusi hapa Nairobi, na maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila msimu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu mezani, kitambaa kikiwa mbele yetu na pete ikiwa kidoleni.

Jambo moja litangulie. Wengi hudhani wanalinganisha pete na gauni zima, kuanzia bega hadi mkia. Sivyo. Siku ya harusi mkono wako wa kushoto hukaa mahali pachache tu: kiunoni, juu ya maua, kwenye mkono wa bwana harusi, begani kwake mnapocheza. Kinachopatana au kugombana na pete ni kile kilicho shubiri moja kutoka kidoleni. Hapo ndipo pa kuweka macho na pesa.

Nianze na kipi, pete au gauni?

Pete. Kwa wengi swali limeshajijibu lenyewe, maana pete huvishwa miezi kadhaa kabla ya mtu kuwaza kitambaa. Hata nyinyi mnaokwenda kwa sonara pamoja, na siku hizi wachumba wengi hufanya hivyo, tangulizeni pete na mwichague kwa ajili ya maisha, picha zije baadaye. Gauni utalivaa asubuhi hadi jioni. Pete utaivaa ukifua, ukiendesha gari, ukimbeba mtoto. Muuguzi anayevaa glavu kutwa anahitaji kito kilicholala chini, karibu na kidole, hata kama gauni analolitamani lingependeza zaidi na kito kilichoinuka. Mwalimu, mpishi, msusi, kila mmoja ana kazi yake na mkono wake.

Kwa hiyo usibadilishe pete ili ifuate gauni. Gauni ndilo linalokatwa, linalobanwa, linaloongezwa shanga na kupunguzwa. Kama pete hukuipenda tangu mwanzo, zungumza na mchumba wako mapema na kwa upole. Mazungumzo hayo ni yenu wawili, na fundi wa gauni hayamhusu.

Pete yangu ni dhahabu ya njano. Naambiwa lazima nivae krimu. Ni kweli?

Si lazima, ila ushauri huo una sababu yake. Nyeupe za madukani ni nyingi. Ipo nyeupe ya karatasi inayoelekea samawati, na mara nyingi hiyo ni poliesta iliyotiwa kemikali za kung'arisha. Kemikali hizo hunyonya miale ya jua ambayo macho hayaioni na kuirudisha kama mwanga wa samawati. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali; miale hiyo ni mikali hapa. Ndiyo maana gauni lililoonekana tulivu dukani huwaka ukitoka nalo nje. Kando ya weupe huo dhahabu ya njano hujitokeza kwa nguvu, na wakati mwingine huonekana kama shaba.

Kisha kuna nyeupe ya hariri, ambayo kwa asili yake haifiki kwenye weupe wa karatasi, kuna rangi ya pembe, kuna krimu, na kuna shampeni. Hizi zote zina joto kidogo ndani yake, na dhahabu ya njano hukaa nazo bila kelele. Harusi ya Malkia Victoria wa Uingereza mwaka 1840, inayotajwa sana kuwa ndiyo iliyoeneza desturi ya gauni jeupe, ilikuwa na gauni la satini ya hariri yenye rangi ya krimu. Kwa hiyo anayekwambia kwamba krimu si nyeupe ya harusi hana historia upande wake.

Angalia pia karati. Ndani ya pete utakuta mhuri mdogo: 375 ni karati 9, yaani asilimia 37.5 ya dhahabu. 750 ni karati 18. 916 ni karati 22, inayopendwa sana na masonara wa jamii za Kihindi. Karati 9 ina njano iliyopauka na huelewana na karibu kila nyeupe. Karati 22, kama ile pete ambayo shangazi huitoa sandukuni na kukukabidhi mbele ya watu, ina njano nzito inayotaka krimu au rangi ya pembe.

Na kama moyo wako uko kwenye nyeupe ya karatasi, livae. Weka tu kitu chenye joto karibu na mkono: utepe wa kiunoni wa rangi ya shampeni, au mawaridi ya krimu kati ya yale meupe. Wauza maua wa City Market watakuchanganyia bila shida ukiwaonyesha kipande cha kitambaa.

Mtandaoni wanasema niangalie mishipa ya kifundo cha mkono ili nijue rangi yangu. Yangu haionekani.

Ushauri huo uliandikwa kwa watu wa ngozi nyeupe, na wasichana wengi hapa wanapoteza muda nao. Achana nao. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde hubeba dhahabu ya njano vizuri sana, na hubeba fedha vilevile. Swali lako ni kitambaa, na kitambaa hujaribiwa kwa kukishika.

Vaa pete. Mwombe muuzaji akukatie kipande, au akuruhusu kubeba jora hadi mlangoni. Wauzaji wa Biashara Street wamezoea jambo hili, na wa Eastleigh hali kadhalika. Weka kitambaa kiunoni, laza mkono wa kushoto juu yake kama utakavyoulaza siku yenyewe, kisha simama kwenye mwanga wa mchana. Taa ndefu za dukani hudanganya, hasa zile nyeupe kali. Ukiweza, rudia mara mbili: saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, na saa kumi na moja jioni mwanga ukiwa umeanza kuwa wa dhahabu. Piga picha ya simu bila taa ya kamera, ukiweka karatasi nyeupe ya kawaida kando ili uone kitambaa kinaelekea wapi, samawati au njano.

Ukitazama picha hizo usiku nyumbani, jiulize jicho linakwenda wapi kwanza. Likienda kwenye mkono, sawa. Likienda kwenye kitambaa, pia sawa. Likirukaruka kati ya viwili hivyo bila kutulia, tafuta nyeupe nyingine.

Pete yangu ina rangi ya fedha. Je, hiyo si rahisi zaidi?

Ni rahisi kwa kitambaa, ina kazi zaidi kwenye pete yenyewe. Dhahabu nyeupe, platini na fedha hukaa vizuri na nyeupe ya karatasi, na hata na rangi ya pembe ikiwa si nzito. Shampeni ndiyo huzipunguzia uhai.

Lakini jua unavaa nini. Dhahabu nyeupe nyingi imepakwa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, na tabaka hilo hulika polepole kwa kuvaliwa. Likianza kulika, unaona njano hafifu chini ya kidole, upande wa kiganja. Peleka pete kwa sonara apake upya wiki mbili tatu kabla ya harusi. Si siku ya mwisho, maana karibu na Desemba kila mtu anataka kazi yake ya haraka. Fedha yenye mhuri wa 925 hubadilika kuwa nyeusi ikikutana na salfa, ikiwemo ile iliyo hewani na kwenye jasho, kwa hiyo isugue kwa kitambaa laini usiku wa kuamkia harusi. Platini haihitaji kupakwa chochote. Hupata mikwaruzo midogo na rangi tulivu kadiri miaka inavyokwenda, na mimi napenda hivyo.

Na dhahabu ya waridi?

Wekundu wake unatokana na shaba iliyochanganywa ndani. Rangi ya pembe na waridi hafifu huipendeza mno, na nyeupe ya karatasi huipoza. Kama unaona gauni la waridi hafifu ni ujasiri kupita kiasi kwa kanisa lenu, weka rangi hiyo kwenye bitana chini ya lesi. Itaonekana kwa mbali tu, na pete itapata mwenzake.

Kito changu si cheupe, kina rangi. Je, gauni lirudie rangi hiyo?

Hapana, na nasema hivi kwa sababu naona watu wakijiharibia kitu kizuri. Kito chenye rangi kina nguvu kwa kuwa kiko peke yake. Ukiongeza mkanda wa kijani, viatu vya kijani na wasimamizi wa kijani, pete inazama.

Mfano mzuri ulianzia hapa kwetu. Oktoba 2010 Mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton akiwa Kenya, akampa pete ya mama yake, Diana: yakuti samawi kubwa iliyozungukwa na almasi, kwenye dhahabu nyeupe. Walipofunga ndoa tarehe 29 Aprili 2011, gauni lililobuniwa na Sarah Burton lilikuwa la rangi ya pembe na nyeupe, lenye mikono mirefu ya lesi. Hakukuwa na mkanda wa samawati. Dunia nzima iliiona pete.

Kwa vito vya ukanda wetu, nina haya ya kusema.

Tsavoraiti ni garneti ya kijani. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliigundua Tanzania mwaka 1967, akaja kuipata tena upande wetu, Taita Taveta. Na jina lililopewa mwaka 1974 linatokana na Tsavo. Kijani chake ni safi, na kwa kawaida hakitibiwi kwa joto wala mafuta kama vito vingine. Pamoja na dhahabu ya njano na gauni la krimu, kwangu hakuna mpangilio mzuri kuushinda. Majani kwenye shada la maua yanatosha kuwa mwangwi wake. Kama una bajeti ndogo na unataka kitu chenye asili ya nchi hii, fikiria tsavoraiti ndogo kabla hujafikiria almasi ndogo.

Tanzanaiti hutoka Merelani, karibu na Arusha, na hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa. Hubadilika kwa mwanga: mchana ni samawati zaidi, chini ya taa za njano huelekea zambarau. Ijaribu kwa mwanga wa aina zote mbili, kwa sababu ibada ni mchana na karamu inaweza kuingia usiku. Tena ni kito laini. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kiko kati ya 6 na 7, ilhali yakuti ni 9 na almasi ni 10. Ikiwa gauni lina vijiwe vingi vigumu kiunoni, uwezekano wa kukikwaruza upo. Chagua satini au krepu iliyo tupu sehemu hiyo.

Yakuti nyekundu nayo inachimbwa kwetu, Mangare, huko huko Taita Taveta. Wekundu huo hukubali nyeupe yoyote, na hugombana na maua ya waridi wa kung'aa. Mweleze muuza maua mapema.

Gauni langu lina shanga nyingi. Je, litaifunika pete?

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe, na ni mara chache mtu aniulize kabla ya kununua. Watu huhangaika na rangi ya kitambaa wiki nzima, kisha wanachukua gauni lililodariziwa kwa uzi wa fedha kutoka kifuani hadi nyongani, na pete yao ni dhahabu ya njano. Kitambaa ni uwanja mpana na macho hukisamehe. Uzi wa kung'aa, shanga, mkanda wa vijiwe, vifungo vya mgongoni na hata zipu inayoonekana ni madini machoni mwa mtazamaji, na madini hulinganishwa na madini.

Kagua gauni kama unavyokagua nyumba ya kupanga, chumba kwa chumba. Shanga za lulu ni salama kwa pete yoyote. Shanga za kioo kisicho na rangi hufuata rangi ya kitambaa, kwa hiyo nazo hazina matata. Zenye mgongo wa fedha zinataka pete ya rangi ya fedha. Zile za dhahabu zinataka njano au waridi. Ukikuta umeshanunua na havipatani, usilie. Mkanda hutolewa. Shanga za eneo la kiunoni, pale mkono unapolala, fundi mvumilivu anaweza kuzifungua moja moja na kuweka za lulu mahali pake, huku za kifuani zikibaki. Hakuna atakayejua.

Kisha kuna kukwama. Pete yenye kito kilichoinuliwa kwa vijimeno hukamata lesi na neti, hasa ukinyanyua sketi kupanda ngazi au kuondoa shela usoni. Uzi mmoja ukivutika kwenye neti, tundu hubaki. Pitisha pamba kavu juu ya pete: nyuzi zikibaki kwenye vijimeno, kuna kijimeno kilichoinuka, na sonara hukilaza kwa dakika chache. Hilo linakuokoa wewe pia, kwani kijimeno kilichoinuka ndicho kinachopoteza kito. Na mwambie msimamizi wako mkuu kwamba kazi ya kushika neti ni yake siku hiyo.

Nataka mikono mirefu. Pete haitapotea?

Inategemea mwisho wa mkono wa gauni. Ukiishia kwenye kifundo, pete inabaki na uwanja wake, na lesi inaifanyia fremu nzuri. Ukishuka hadi juu ya kiganja kwa ncha iliyochongoka, ile inayoshikwa kwa kitanzi cha kidole cha kati, ncha hiyo inakaa vidole viwili tu kutoka kwenye pete na kitanzi kinaigusa kabisa. Mimi huwashauri wenye pete kubwa waache ncha hiyo, na wenye pete tupu isiyo na kito waichukue.

Glavu zivuliwe kabla ya kuvishana pete. Usiivae pete juu ya glavu hata kwa picha. Duara yake haikupimwa kwa unene huo, na ikilegea kwenye kitambaa laini inaanguka bila wewe kuhisi.

Hereni na mkufu lazima vifanane na pete?

Vya madini ya aina moja ni salama, lakini si sheria. Kama pete ni fedha na mkufu wa mama ni dhahabu, vaa vyote viwili. Viko mbali, kimoja shingoni na kingine kidoleni. Usichanganye tu kwenye mkono mmoja: bangili ya njano karibu na pete nyeupe hufanya kimoja kionekane kama kimeazimwa. Ushanga wa Kimaasai kwenye kifundo cha mkono wa kushoto ni mzuri sana, ila uvae safu moja nyembamba, ule mpana uende mkono wa kulia.

Nakodi gauni, siwezi kulibadilisha. Nifanyeje?

Kukodi ni busara, na wengi wa wateja wangu hukodi. Nenda kujaribu ukiwa na pete kidoleni, hata kama ni siku ya kuangalia tu. Uliza kama gauni linaweza kufungwa mkanda juu, maana hilo halihitaji sindano. Angalia weupe: gauni lililofuliwa mara nyingi huingia njano kidogo, na kwa mwenye pete ya dhahabu hiyo si hasara hata kidogo. Uliza pia nani analipa lesi ikichanwa na pete, na jibu liandikwe kwenye risiti.

Pete yangu ni ndogo na gauni ni kubwa. Itaonekana?

Itaonekana, kwa sababu picha za pete hupigwa karibu. Tunza kucha, chagua rangi ya kucha iliyo karibu na ngozi yako, na usijaze vidole vingine. Kukopa pesa ili kuongeza kito kwa ajili ya sketi pana ni kosa. Kamati ya harusi ina mahitaji mengi yaliyo mbele ya hilo.

Kito changu ni moisanaiti au zirkonia, si almasi. Kuna tofauti kwenye gauni?

Kidogo. Vyote viwili ni vito vinavyofanana na almasi. Moisanaiti hutawanya mwanga zaidi kuliko almasi, kwa hiyo jua la mchana huifanya itoe rangi za upinde wa mvua. Satini inayong'aa kando yake ni mwanga juu ya mwanga; krepu au hariri isiyo na mng'ao huipa utulivu. Zirkonia hukwaruzika na kufifia baada ya muda, isafishe vizuri kabla. Vaa chochote kati ya hivi ukiwa umeinua kichwa.

Kama ni almasi yenye njano kidogo, ile ambayo cheti chake kinasema J au K badala ya D, iweke kwenye dhahabu ya njano na gauni la krimu. Itaonekana nyeupe. Kwenye dhahabu nyeupe na nyeupe ya karatasi, njano yake hutoka.

Kabla ya harusi kuna ruracio, au nikah. Pete niivae vipi?

Kwenye ruracio, koito, ayie au ntheo, yaani sherehe za kimila za kabla ya harusi, vazi la kitenge au la asili lina rangi na michoro tayari, na pete haihitaji kulinganishwa na chochote. Ivae tu.

Nikah ina jambo moja la kuzingatia: hina. Ivue pete kabla ya kupakwa, kwa kuwa hina mbichi huingia chini ya kito na kwenye vijimeno, na ikikauka hapo ni kazi kuitoa. Rangi ya hina hukolea siku ya pili, hudhurungi yenye wekundu, na dhahabu ya njano juu yake hupendeza kwa namna ambayo sijaona kitu kingine kikifanya. Kwenye piko nyeusi kuwa mwangalifu. Dawa za kupaka nywele rangi zinazotumika humo huweza kuunguza ngozi, hivyo jaribu sehemu ndogo siku kadhaa kabla. Mwombe mchoraji aache nafasi tupu kwenye kidole cha pete. Na kwa bwana harusi Mwislamu, pete yake ni ya fedha, kwani dhahabu si ya wanaume katika dini, usilazimishe zifanane.

Baadhi ya makanisa nayo hayakubali vito. Muulize mchungaji kabla hujaweka pesa kwenye chochote.

Wakati wa kiapo, pete ya uchumba inakaa mkono upi?

Wengi huihamishia mkono wa kulia asubuhi, ili pete ya ndoa iingie kwanza kwenye kidole cha kushoto, kisha ya uchumba hurudishwa juu yake baada ya ibada. Ijaribu kwenye kidole cha kulia wiki moja kabla, maana mkono unaoutumia zaidi mara nyingi ni mnene kidogo. Ikikataa, mpe msimamizi mkuu aivae yeye. Usiiweke kwenye mfuko wa mtu.

Kumbuka pia meza ya kutia sahihi. Iwe kanisani au kwa msajili wa ndoa, utaandika kwa mkono mmoja na wa pili utalala juu ya cheti, mpiga picha akiwa ameinama karibu kabisa. Kwa wanaofunga ndoa ya kiserikali wakiwa na suti au gauni fupi, hiyo ndiyo picha kuu ya pete, na mikono ya vazi hilo ndiyo ya kushughulikia.

Picha za nje tupige saa ngapi ili pete na gauni vyote vitoke vizuri?

Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na linashuka haraka. Saa ile ya mwisho dhahabu huwaka na krimu hulainika. Saa sita mchana, Arboretum au Karura, tafuta kivuli cha mti. Satini nyeupe juani hupoteza mikunjo yake yote kwenye picha. Julai na Agosti, mawingu ya baridi hufanya kazi hiyo yenyewe, na pete za rangi ya fedha hupenda mwanga huo.

Kwenye hema, uliza taa. Taa za zambarau na samawati ambazo wapambaji hupenda hugeuza krimu kuwa kijivu na dhahabu kuwa kahawia. Omba meza kuu iwekewe taa nyeupe yenye joto.

Pete inabana jioni. Ni kawaida?

Ndiyo. Joto, kusimama muda mrefu na chumvi ya chakula huvimbisha vidole, na ujauzito zaidi. Pima kidole jioni, si asubuhi ya baridi. Fundi wa kurekebisha kipimo anahitaji siku kadhaa, na pete yenye vito kuzunguka duara nzima mara nyingi haipanuliki, kwa hiyo jua mapema.

Nisafishe pete lini, na kwa kutumia nini?

Siku moja kabla. Mafuta ya ngozi na losheni hujaza upande wa chini wa kito na kukizima. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo na mswaki laini vinatosha kwa almasi, yakuti na tsavoraiti. Tanzanaiti ioshwe hivyo hivyo kwa mkono, na umkatalie sonara asiiweke kwenye mashine ya mitetemo, kwani inaweza kupasuka. Lulu futa tu kwa kitambaa chenye unyevu. Ziba shimo la sinki kwanza. Asubuhi ya harusi, vipodozi na marashi vipakwe pete ikiwa imevuliwa, mikono ioshwe na kukaushwa, uvae gauni, kisha pete iwe ya mwisho kabisa kuingia. Ukifuata mpangilio huo, rangi ya vipodozi haitahama kutoka kwenye vijimeno kwenda kwenye lesi ya kiunoni, doa ambalo huwa napelekewa Jumatatu.